Komeo la Nje

Komeo la nje lilisukumwa na nani?

Binti aliuliza swali hilo msibani, sebule imejaa watu, macho yake makavu. Mama yake alikutwa nyuma ya mlango wa chumba, moshi umeshammaliza, na mlango ulikuwa umefungwa kwa nje. Baba mdogo akaangalia vidole vyake. Shangazi akasema mtoto amechanganyikiwa, apewe maji. Kaka mtu akamkumbatia, akamwambia taratibu: si leo, Wakili wangu.

Wakili ndilo jina alilobandikwa nyumbani tangu aanze kushinda midahalo chuoni. Ndiyo maana usiku wa moto hakuwepo. Alikuwa jukwaani akibishana. Mama, aliyeshindwa na joto la chumba chake, akaenda kujilaza kwenye kitanda cha bintiye. Kiliungua chumba hicho cha binti tu. Majirani walikata nondo za dirisha ili wamtoe. Walichelewa.

Kaka ndiye aliyejitwisha kazi ya kuirudisha nyumba katika hali yake, na mguu wake ule mbovu. Miaka ya nyuma alilala kitandani muda mrefu, kiuno hakisikii, miguu haisikii, kila aliyemtibu amenyoosha mikono. Kisha rafiki yake mmoja akampeleka mahali, kwa watu asiowataja, akarudi anatembea. Nyumba nzima ilicheza siku hiyo. Lakini tangu wamzike mama, mguu wa kushoto ulikuwa umeanza tena kuburuzika. Akipita kwenye korido unamjua bila kumwona.

Ta... srrr. Ta... srrr.

Waliosha masizi pamoja, wakianzia chini kwenda juu, maana ukianzia juu maji meusi yanateremka na kuacha michirizi isiyotoka. Walibandua plasta iliyopasuka. Kaka alimtania kwamba yeye hata ukuta angebishana nao, na ukuta ungeomba radhi. Jambo moja tu liliwagombanisha. Seremala alipoleta mlango mpya, kaka alitaka komeo liwekwe nje, kama zamani. Binti akauliza chumba cha mtu kinafungwaje kwa nje, kwani ni banda la mbuzi? Kaka akacheka. Akasema anataka kila kitu kiwe kama alivyokiacha mama.

Mama akishaingizwa kwenye hoja, unabisha nini tena?

Ukuta wa mwisho ulipomalizwa kupigwa plasta, kaka alimwita, akamwomba aweke kiganja. Ilikuwa desturi ya marehemu baba yao: kila alipoongeza chumba, mwenye chumba alikandamiza mkono kwenye plasta mbichi, alama ikabaki. Binti alikandamiza. Plasta ilikuwa baridi kupita kiasi. Alipotaka kuutoa mkono, ukuta ulichelewa kidogo kumwachia... Akajiambia ni saruji tu.

Jioni hiyo wingu lilitanda. Yeye na kaka walikuwa wamehifadhiwa kwa baba mdogo, mtaa wa nyuma, na kazi ya kwenda kufunga madirisha ya nyumba yao siku zote ilikuwa ya kaka. Safari hii alisema mguu unamuuma. Nenda wewe, mvua isije ikatuharibia plasta.

Akaenda.

Umeme ulikuwa haujarudishwa. Aliwasha tochi ya simu. Alifunga sebuleni, akafunga jikoni, chumba chake kikawa cha mwisho. Nyumba ilinuka saruji mbichi na chokaa. Alipovuka kizingiti cha chumba chake, harufu ikabadilika.

Nywele zilizoungua.

Akamulika ukutani. Kiganja chake kilikuwepo, kimezama kwenye plasta kama alivyokiacha. Pembeni yake palikuwa na kingine.

Hicho hakikuzama. Kilitokeza.

Kama vile mtu yumo ndani ya ukuta na anasukuma aje nje.

Nyuma yake, koridoni... ta... srrr.

Mlango ukafungwa. Komeo likateleza.

"Kaka?"

Pumzi ya mtu, upande wa pili wa ubao.

"Ni wewe," akasema binti. "Na siku ile ulikuwa wewe."

"Mama hakutakiwa kulala humo," kaka akanong'ona. Alikuwa analia. "Kulikuwa na giza. Nilidhani ni wewe umelala."

Huyu ndiye aliyemfundisha kuendesha baiskeli. Huyu ndiye aliyemkumbatia msibani.

"Nimekukosea nini?"

"Ulicheza nilipoinuka kitandani. Ulidhani miguu nilipewa bure?" Sauti ilikuwa ya upole, ileile ya siku zote. "Walionipa walitaka aliyetoka tumbo moja na mimi. Mama wamemchukua, halafu wamesema siye. Usiogope, Wakili wangu. Haichukui muda."

Plasta ikaanza kupasuka. Krrk... krrk... Kiganja cha pili kikafuatwa na kingine, na kingine, vikitokeza kimoja baada ya kingine, vikielekea dirishani. Au vilimfuata yeye, aliyekuwa akirudi nyuma kuelekea dirishani. Mpaka leo hajui. Alichokiona ni kwamba kimoja kilikuwa na mkunjo kwenye kidole cha pete, mahali ambapo pete ya mama ilikuwa inambana.

Kaka alikuwa amekumbuka komeo, akasahau nondo. Mchomeleaji alikuwa bado hajazileta mpya. Palikuwa na ubao mwepesi tu, wa kuzuia mvua. Binti aliupiga teke, ukatoka, akajirusha. Kitu kikamshika blauzi kwa nyuma.

Kikamwachia.

Alipoivua baadaye, mgongoni palikuwa na vidole vitano vya saruji mbichi.

Kikao cha ukoo kiliitishwa, akasema yote. Wakamwomba ushahidi. Walipokwenda kuangalia, ukuta ulikuwa laini, umeshapakwa rangi ya maziwa, unapendeza. Blauzi je? Fundi yeyote angeweza kuishika, walisema. Ushahidi wa kuwatosha ungekuwa maiti yake. Hapo wangeamini wote, na wangelia vizuri sana. Baba mdogo alimshauri arudi nyumbani, wayamalize kindugu. Shangazi akasema chumba chake kimeshatandikwa.

Alihama usiku uleule. Amepanga mahali ambapo ukoo haujui, chumba kimoja, mlango una komeo kwa ndani. Juzi rangi ya ukuta wa pembeni mwa kitanda imeanza kuvimba. Kivimbe chenyewe ni kikubwa kama kiganja. Hajakigusa. Hajui ni mama anayekuja kumwonya, au ni wale wa kaka wanaofuata walichoahidiwa. Vidole bado havijaonekana vizuri.

Na kaka anamtafuta. Sasa anatembelea mkongojo, miguu yote miwili inagoma, lakini anabisha hodi nyumba hadi nyumba, kwa adabu, anasalimia watoto, anatoa picha mfukoni. Anasema ni mdogo wake wa pekee, waligombana kidogo tu, nyumba imekamilika na chumba chake kinamsubiri. Watu wanamhurumia. Wengine wanalia naye.

Huenda atafika kwako pia. Mkaribishe kiti, mpe maji. Akikuuliza, tafadhali, mwambie humjui.