Daftari la Michezo ya Bandari

Saa nne na robo asubuhi, Jumatano, nyumbani kwa marehemu Mzee Nassibu, Mtoni, kasha lilifunguliwa, na daftari halimo. Apolonia, aliyekuja kulichukua, akapiga simu polisi.

Sajini Hamisa alifika saa tano. Kisa alikijua. Michezo ya Bandari, ambayo leo mataifa kumi na moja hukimbia, huogelea na kuvuta kamba, ilianzishwa mwaka 1974 na makuli wa Dar na Mombasa. Sifa zote alipewa Nassibu. Lakini wiki tatu zilizopita, akiwa mahututi, alimwita Apolonia akatubu: wazo, kanuni, barua, vyote vilikuwa vya rafiki yake Fransis, baba yake Apolonia, aliyekufa mwaka uleule binti akinyonya. Ushahidi ulikuwa daftari la Fransis tu, na Jumamosi jina la mwanzilishi lingechongwa kwenye kombe.

Barazani alikuwepo Twaha, mpwa wa marehemu na katibu wa kamati, jasho linamtiririka.

"Wewe ndiye ungeaibika daftari likisomwa," Hamisa alimwambia.

"Kweli, afande. Ila kasha liko chumbani, na mkaza mjomba yuko eda. Mie mwanamume nitaingiaje? Tangu mazishi naishia hapa. Waulize majirani."

Majirani wakamuunga mkono.

Hamisa akavua viatu, akaingia. Bi Zubeda, mjane, alikuwa mkekani, hana hata wanja.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

Chumba kilinukia udi, na chetezo pembeni kilikuwa bado na joto. Loh! Mjane wa eda hajifukizi, hajipaki manukato. Hilo Mtoni nzima wanalijua.

"Bibi, udi wa nini?"

"Mbu."

"Mbu kwa udi?"

Hamisa akachokoa majivu kwa kibanio cha nywele. Zikatoka pini mbili za daftari.

"Umelichoma, ukafukiza kuficha harufu ya karatasi."

Bi Zubeda hakubisha. "Miaka hamsini naitwa mke wa mwanzilishi. Sikuzaa. Mume kanifia. Nikaona na hilo nanyang'anywa."

"Utaandikisha maelezo," Hamisa alisema, naye roho inamuuma. "Kamati itaamini kinywa chako."

"Nitasema yote."

Apolonia, aliyekuwa amesimama mlangoni, wala hakuuliza habari ya kombe. Alipiga magoti mkekani.

"Mama, mie baba sura yake siijui, sauti yake siijui. Alichoniachia ni daftari lile tu. Aliandika nini? Nisimulie hata mstari mmoja."

Bi Zubeda akajifunika uso kwa kanga.

"Sijui kusoma, mwanangu."