Dashibodi Iliyokataa Kupona

Mbele ya soko la Nyakabiga, jua likiwa kali, dashibodi ya pikapu ilimwangukia Hamissi magotini. Nyuma yake teksi zikapiga honi kwa hasira. Ile Peugeot 404 ya buluu, aliyoachiwa na babu yake, injini yake ilikuwa nzima, ila jua la miaka mingi lilikuwa limeipasua dashibodi vibaya.

Msichana mmoja akasimama dirishani akicheka. Alivaa gauni la kitenge cha rangi ya machungwa na kilemba cheupe, mkasi ukining'inia shingoni.

"Kaka, gari inakukumbatia?"

"Dada, nisaidie kwanza, utacheka kisha!"

Huyo alikuwa Soumaya, fundi wa kushona viti vya magari, ndiyo kwanza amefungua karakana yake mtaa wa pili. Aliziba nyufa kwa gundi ngumu, akapiga msasa, kisha akaivika dashibodi ngozi bandia nyeusi yenye mshono mwekundu. Hamissi hakuitazama dashibodi. Alitazama vidole vinavyoshona.

Baada ya wiki akarudi: kona imebanduka. Akarudi tena: skrubu zimelegea. Kila mara walikunywa chai na kutaniana, na jioni Hamissi akampigia simu.

"Chérie, umeshinda muzuri?"

"Mi si chérie wako. Tablo, ile dashibodi yako, iko namna gani?"

"Inakusalimia sana."

Soumaya alikata simu, akabaki anatabasamu peke yake.

Siku moja Mzee Ildephonse wa Kiriri, mtaa wa mlimani, aliyeahidi kumletea magari yake yote ya kukodisha harusini, alifika karakanani, akachungulia ndani ya pikapu ya Hamissi. Ngozi ilikuwa imebanduka tena.

"Binti, kazi yako haishike," akasema, akaondoka.

Soumaya akainama kukagua, machozi yakimlenga. Akaona alama za bisibisi.

"Ni we umebandua?"

Hamissi akainamisha kichwa.

"Nani amekutuma uniharibie jina? Toka!"

"Soumaya, apana, sikiliza..."

"Toka, nimesema!"

Hamissi alimpigia simu tena na tena, Soumaya hakupokea. Ndipo Hamissi akaipandisha pikapu hadi Kiriri, shati limemganda mgongoni kwa jasho, akagonga geti la Mzee Ildephonse.

Punde simu ya Soumaya ikalia. Alikuwa Mzee.

"Binti, niko na kijana mwenye wazimu hapa. Anasema alikuwa anabandua kazi yako na bisibisi, na ilimutesa, juu ya vile ilikuwa imeshika kabisa. Namuuliza, juu ya nini? Anasema hakukuwa na sababu ingine ya kurudi kwako!" Mzee akacheka mpaka akakohoa. "Kesho naleta magari. Na huyu nimufanye nini?"

Soumaya akaweka mkasi chini.

"Mupatie simu."

"Soumaya..."

"We mupumbavu! Si ungesema tu unanipenda?"

"Niliogopa utakataa."

"Umeniliza, Hamissi."

"Najua. Nisamehe, mupenzi. Nakupenda. Nitume wazee kwenu?"

Soumaya akafunika uso kwa ncha ya kilemba, ingawa hakuna aliyekuwa akimwona.

"Watume. Lakini we mwenyewe njo sasa hivi!"

Hakujibiwa. Alisikia mlango ukibamizwa, injini ya pikapu ikinguruma, na kwa mbali sauti ya Mzee Ildephonse ikiita:

"Kijana! Simu yangu! Unaenda na simu yangu!"