Wewe Unayenisikiliza Upande wa Pili

Fundi alikuwa juu ya ngazi, kichwa kimezama ndani ya spika kubwa ya kituo cha mabasi, bisibisi mdomoni, sauti ilipotoka ikampiga usoni.

"Mm. Abiria wa basi la kwanza, gari lenu liko njia ya tatu. Mwenye ndoo inayovuja asiipandishe juu ya mzigo wa mwenzake. Wewe wa kofia ya kijani, nakuona."

Chini watu walicheka, na wa kofia ya kijani akateremsha ndoo. Fundi hakucheka. Bisibisi ilimdondoka, ikamkosa kidogo tu muuza magazeti, aliyemtukana kuanzia babu mpaka wajukuu ambao hajawazaa. Fundi hata hakumsikia. Alikuwa ameshika ule mguno mdogo, "mm", kama wa mtu anayeonja chumvi kabla ya kusema neno.

Mguno huo aliusikia kila alfajiri wakati wa vita, akiwa amejikunyata kwenye handaki na visikilizi masikioni, ng'ambo ya mto. Kazi yake jeshini ilikuwa moja tu, kusikiliza redio ya adui. Na adui alikuwa na sauti hii.

Akashuka ngazi kwa haraka isiyomfaa mtu wa umri wake, akapanda hadi chumba cha matangazo, kibanda cha vioo vizito kilichokaa juu ya ofisi ya tiketi. Ukifunga mlango wake, hata honi huzisikii. Ndani kulikuwa na meza, kikombe cha chai, maikrofoni, kitufe cha kuwashia na taa nyekundu ndogo. Nyuma ya meza alikaa mwanamke ambaye kituo kizima kilimwita Sauti. Alivaa gauni la rangi ya chungwa lililomkaa vizuri kiunoni, na chini yake, bila aibu yoyote, buti za jeshi zilizopigwa rangi zikang'aa.

"Fundi, spika ziko nje," alisema bila kugeuka. "Humu hamna."

"Nimekuja kupima maikrofoni."

"Ni nzima."

"Najua. Naijua tangu zamani. Dada, ulikuwa jeshini. Mtu wa redio. Upande wa milimani."

Mkono wa Sauti ukaganda kwenye kikombe. "Umenifananisha."

"Nitakufananishaje na sijawahi kukuona? Nimekusikia. Mimi nilikuwa ng'ambo. Siku ile ya mafuriko ulisema..."

"Toka."

"Nataka kusema ahsante tu, basi."

"Toka kabla sijatangaza kwamba kuna mwizi humu."

Fundi alitoka kinyumenyume, akajigonga mlangoni, akaomba radhi kwa mlango.

Usimlaumu Sauti. Alikuwa na sababu, na sababu yenyewe alikuwa akiipikia chakula kila jioni. Zamani, kwenye kituo chake cha milimani, aliona mvua imevunja kingo na mto unashuka bondeni na magogo yake. Alijua kwamba adui ana mtu wa kusikiliza. Kila jeshi linaye. Akabonyeza kitufe, akasema wazi, bila maneno ya siri: "Wewe unayenisikiliza upande wa pili, mto unakuja. Toeni watu majini sasa hivi." Mwenzake wa zamu alimtazama, akanyamaza, na baadaye alikufa na siri hiyo. Lakini uvumi hauna kaburi. Jeshi zima likaambiana kwamba kuna mmoja wao aliyezungumza na adui.

Na kaka yake Sauti, dereva wa basi aliyeitwa Kamanda ingawa hakuwahi kuamuru hata kuku, uvumi huo ulikuwa haumtoki moyoni. Aliishi na dada yake nyumba moja. Kila vita ilipotajwa alipiga meza. "Yule msaliti! Ningemjua, asingekanyaga kwangu!" Sauti alikuwa akimwongezea chai. Hakuwa na ndugu mwingine duniani. Sasa amekuja mtu mwenye kujua, tena mwenye shukrani, na hakuna mtu mgumu kumnyamazisha kama mwenye shukrani.

Fundi hakukata tamaa. Namba ya simu ya chumba cha matangazo ilibandikwa kwenye kioo kwa ajili ya mizigo iliyopotea, naye akaitumia.

"Mizigo iliyopotea, nikusaidie nini?"

"Nimepoteza kitu, dada."

"Kitu gani?"

"Usingizi."

"Mara ya mwisho ulikuwa nao wapi?"

"Chini ya ngazi. Kabla hujatangaza ile ndoo."

"Haujaletwa hapa." Akakata simu. Alikuwa mkataji hodari wa simu. Jeshini walifundishwa kwamba anayekaa sana hewani hupatikana. Lakini alipoweka mkono wa simu chini alijikuta anatabasamu, akakasirika, akatangaza basi ambalo lilishaondoka.

Kesho yake Fundi alipiga tena. "Umepatikana?"

"Umepatikana, ila hauna afya. Umekonda."

"Kama mwenyewe, kipenzi."

"Nani kipenzi chako? Mimi nakuita fundi, nawe niite dada."

"Sawa, dada kipenzi."

Alikata. Siku iliyofuata akapokea kabla simu haijamaliza mlio wa kwanza. Fundi alimletea mto wa kukalia, akamrekebishia feni, akamsimulia handaki lao lilivyokuwa likivuja juu ya kichwa chake tu. Sauti alicheka mpaka akashika mbavu. Ila Fundi alipotaja mafuriko, uso wa Sauti ulijifunga. "Spika ya njia ya tano inakoroma, fundi. Nenda." Naye alikwenda.

Nyumbani Kamanda aliona hereni masikioni mwa dada yake. "Unamvalia nani?"

"Abiria."

"Abiria hawakuoni. Wanakusikia tu."

"Basi naivalia sauti yangu. Kula."

Asubuhi moja, kituo kikiwa kimefurika, taa nyekundu ilianza kupepesa. Taa hiyo ndiyo pekee iliyomwonyesha Sauti kama maikrofoni iko hewani. Kitufe chenyewe kilikuwa cha kubonyeza tu, ukikitazama huwezi kujua kama kimewaka au kimezimwa. Fundi alikuja, akaifungua taa, akabonyeza kitufe kupima waya, kisha akakiacha. Mtu aliyeishi kwa kusikiliza wengine hajazoea kufikiri kwamba naye anasikika.

"Kwa nini unanikimbia?" aliuliza, taa mkononi. "Nimekukosea nini?"

Sauti aliitazama maikrofoni. Haikuwa na taa. Kwake, ilikuwa imelala.

"Hujanikosea. Ndiyo tabu yenyewe. Kila siku unaleta shukrani, nami si zangu." Alivuta pumzi. "Sikuwaonya nyinyi, fundi. Kaka yangu alikuwa mateka wenu. Niliambiwa mnawatumia mateka kuchota maji mtoni. Nilivunja kiapo changu kwa ajili yake. Kama asingekuwa kwenu, ningewaacha mwende na maji, wewe na visikilizi vyako."

Fundi aliketi juu ya sanduku lake la vifaa.

"Sawa," alisema.

"Sawa nini?"

"Ulimwonya kaka yako. Mimi nilikuwa karibu naye. Tangu siku hiyo nikiamka salama namshukuru mwanamke wa mguno. Niache leo, kwa sababu hakunikusudia mimi? Siwezi, mpenzi. Nimeshazoea."

Machozi yakamtoka Sauti, akayafuta kwa kiganja kama askari. "Sasa nisikilize. Kaka akijua kwamba ni mimi niliyezungumza na adui, sitakuwa na kaka tena. Ukinipenda kweli, nyamaza."

Hapo akatazama nje. Kituo kizima kilikuwa kimesimama. Makondakta wameshika tiketi hewani, muuza magazeti amekunja gazeti kifuani, nyuso zote zimeinuka kuelekea kwenye kibanda cha vioo. Kwenye njia ya tatu, mlango wa basi la Kamanda ulikuwa wazi na kiti cha dereva kitupu.

"Fundi," alisema kwa sauti ndogo. "Kitufe."

Fundi alikibonyeza, kikazima.

"Umenianika."

"Naapa, nilisahau..."

"Spika umezitengeneza wewe. Taa umeitoa wewe. Kwako vita haijaisha, umebadilisha silaha tu. Ondoka, nisiione sura yako!"

Fundi aliiweka taa mezani taratibu, akachukua sanduku lake, akashuka.

Kamanda alipanda akiwa na grisi mikononi, akasimama mlangoni. Alikuwa mtu mpana. Alipoziba mlango, mwanga ulipungua.

"Ni wewe?"

"Ni mimi, kaka."

"Miaka yote namtukana yule mtu, wewe unanimiminia chai."

"Ndiyo."

"Na sukari unaniwekea."

Sauti alitikisa kichwa kukubali. Kamanda alikalia kile kiti chenye mto wa Fundi, akaviangalia viganja vyake.

"Tulikuwa majini na ndoo," alisema. "Akaja askari wao mmoja mwembamba, anakimbia, visikilizi vinaning'inia shingoni, waya unaburura matopeni. Anapiga kelele tutoke. Mkubwa wake akamwambia huo ni mtego, arudi handakini. Hakurudi. Aliingia majini akatuvuta mmoja mmoja, mateka na wenzake, mimi alinishika ukosi. Kisha mto ukapita pale pale. Sikujiuliza habari hiyo aliipata wapi. Niliporudi nyumbani niliwachukia wote, na wewe zaidi. Nilisema, mdogo wangu alikuwa na redio, na hakuniita."

"Nilikuita, kaka."

"Nimesikia leo." Sauti yake nene ilivunjika. "Ahsante, mdogo wangu. Ahsante sana. Nisamehe kwa kupiga meza miaka yote hii."

Walishikana wakalia, na gauni la rangi ya chungwa likapata alama mbili za grisi mgongoni ambazo hazikutoka tena, na mwenyewe hakutaka zitoke.

Kisha Kamanda akainua kichwa. "Fundi yuko wapi?"

"Nimemfukuza."

"Umemfukuza! Visikilizi, mwembamba, anayesikiliza redio ya milimani. Unadhani walikuwa wangapi? Ni yeye yule! Wewe ulisema, sawa. Angekuwa amesinzia siku ile, ungekuwa umesema na upepo."

Siku zote hizo Fundi amekuja na ahsante mkononi, wala hakutaja hata mara moja kwamba aliingia majini. Sauti akashika simu, akampigia Fundi. Haipatikani. Akapiga tena. Haipatikani. Chini, basi la njia ya tano lilikuwa linaunguruma, tayari kwa safari ya ng'ambo.

Kamanda aliichukua ile taa, akaikaza mahali pake kwa vidole vyake vinene. "Una redio," alisema. "Mwite."

Sauti alibonyeza. Taa ikawaka nyekundu.

"Mm."

Kituo kikatulia.

"Wewe unayenisikiliza upande wa pili." Alisita, akashika ukingo wa meza. "Mto umetulia. Nimeambiwa uliyemtoa majini ni nani. Nina ahsante yako hapa, imechelewa miaka mingi, nayo ni nzito, siwezi kuibeba peke yangu. Vuka. Njoo."

Mlango wa basi la njia ya tano ulifunguka. Alishuka mtu mwembamba na sanduku la vifaa, watu wakampisha, muuza magazeti akamsukuma mgongoni kumhimiza. Alipofika juu alikuwa anahema. Kamanda alimwangalia muda mrefu, kisha akamshika ukosi, polepole, kama anayerudisha kitu alichoazima.

"Karibu, shemeji," alisema, akajibanza ukutani kumpa njia.

Fundi alisahau maikrofoni kwa mara ya pili siku ile. "Sauti," alisema, na spika zote alizozitengeneza zikamwitikia, "mimi ni mtu wa kusikiliza tu, kusema sijui. Lakini nataka kukusikiliza kila asubuhi mpaka nizeeke. Utakubali nikuoe?"

Sauti aliitazama taa. Ilikuwa inawaka. Akatazama chini kwenye bahari ya nyuso zilizoinuka, midomo wazi, mabasi yote yamechelewa.

"Mm," alisema. "Abiria wapendwa, yanayofuata hayawahusu."

Akabonyeza kitufe, taa ikazimika.