Nilizifunga Mbavu kwa Tyubu ya Baiskeli, Mke Wangu Akashika Jembe

Jumapili, tarehe 9 Juni. Baridi kali tangu asubuhi, upepo unavuma bila kupumzika, na jua lipo lipo tu, halipashi. Siku kama hizi ubavu wangu wa kulia huamka kabla yangu.

Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na mbili, mkulima wa Kasense, hapa Sumbawanga. Nimeishia darasa la saba. Nina mke, jina lake Ponsiana, na binti mmoja, Yusta, wa miaka sita. Tungekuwa na watoto wawili... Nitaeleza.

Nina tabia ya kuandika kwenye daftari kila jioni: kama mvua imenyesha, kama jirani amefiwa, tumekula nini. Haya ninayowaandikia nimeyatoa humo, kwa sababu kichwa changu sikiamini. Mtu akikumbuka kosa lake mwenyewe hujipendelea. Nitajitahidi nisijipendelee, na nisimwonee mtu.

Mtaani kwetu kuna mwanajeshi mstaafu, sisi tunamwita Afande. Ndiye aliyeanzisha kikundi cha mieleka. Tulishona magunia, tukayajaza maganda ya mahindi, tukayatandika nyuma ya nyumba yake. Hapo ndipo tulipojifunza kukamata, kunyanyua na kuangusha. Mwenzangu wa mazoezi alikuwa Gaudensi, dereva wa bodaboda, rafiki yangu tangu tukiwa tunachunga ng'ombe wa watu.

Niseme ukweli. Sikuwa na kitu kingine nilichokiweza vizuri namna ile. Shuleni nilikuwa wa nyuma. Kanisani kwaya walinikataa. Lakini nikimwangusha mtu na watu wakapiga kelele... ndugu zangu, utamu wake sijui niuelezeje!

Mwaka jana, wiki ya pili ya Kwaresima, Gaudensi alininyanyua. Nilipaswa kulegea nianguke kwa mgongo kama tulivyofundishwa. Mimi nikajipinda nimtoroke. Tukaanguka pamoja, kiwiko chake kikiwa chini ya kwapa langu. Nikasikia kitu kimelia ndani yangu kama ukuni mkavu.

Sikumlaumu wala simlaumu leo. Aliyejipinda ni mimi.

Gaudensi alinipakia kwenye pikipiki yake mpaka hospitali mjini. Kila shimo la barabara lilikuwa msumari. Nikapigwa picha. Mganga, kijana mpole, akanionyesha mbavu mbili zenye ufa upande wa kulia. Akasema mbavu hazifungwi plasta. Nimeze dawa za maumivu, kila saa nivute pumzi ndefu mara kumi hata kama inauma, nikikohoa nikumbatie mto. Nisijifunge kitu chochote kifuani. Jembe nisishike kwa wiki sita. Mieleka, miezi mitatu.

Gaudensi alikuwa amesimama pale pale. Alisikia yote.

Mimi nikaona kama nimedharauliwa. Mtu amevunjika, halafu anaambiwa apumue? Huko ndiko kutibiwa?

Sasa ndugu zangu, kuna jambo la huku kwetu lazima mlielewe. Mvua zikikaribia kuisha tunachimba matuta ya ntumba. Unakata udongo pamoja na majani yake, unaugeuza, unaurundika kichuguu kichuguu, majani yaozee ndani. Mwaka unaofuata unavitawanya, unapanda ulezi. Ni kazi ya mgongo na mbavu, na haisubiri. Mvua ikikatika, ardhi inakuwa tofali.

Ponsiana alikuwa na mimba ya miezi minne. Nilikuwa nimemwahidi kwamba mwaka ule hatashika jembe. Nimeliona kwenye daftari, nimeliandika kwa mkono wangu: "Mama Yusta asichimbe. Nitachimba mimi."

Na mwanaume akiugua msimu wa matuta, huku kwetu si tatizo. Mke anapika pombe ya ulezi, anawaita kaka zake na majirani, asubuhi moja shamba limegeuka. Hakuna anayekucheka, umeugua. Lakini mwanaume mzima, anayetembea, achimbiwe shamba? Hapo utapewa jina ambalo wajukuu zako watalikuta.

Kwa hiyo nilichotakiwa kufanya kilikuwa chepesi mno. Kufika nyumbani na kusema: nimevunjika.

Sikusema! Nilijua Ponsiana akiita watu, Afande atasikia kabla pombe haijaiva, na jina langu litafutwa kwenye orodha ya Jumatatu ya Pasaka. Siku hiyo walikuwa wanakuja vijana wa Kirando, kule ziwani, kushindana na sisi. Zawadi ilikuwa beberu. Nisiwadanganye kwamba nilimtaka beberu. Nilitaka zile kelele.

Nikamwambia mke wangu pale mlangoni, "Wamesema nyama imeshtuka tu. Itatulia." Gaudensi nikamwapisha asimwambie mtu. Hakupenda. Alisema, "Mshikaji, hii siri ni nzito, unanibebesha bure." Lakini aliapa.

Kisha nikafanya ujinga wangu mkubwa. Mpini wa jembe ukipasuka huku kwetu hatuutupi. Tunakata tyubu ya baiskeli vipande virefu, tunauzungushia kwa kuvuta, na mpini unalima hata misimu miwili. Nikawaza, mfupa na mpini vina tofauti gani? Nikajiviringisha tyubu kifua kizima chini ya sweta, nikavuta mpaka nikaona nyota.

Na kweli maumivu yakapungua! Nikamcheka yule mganga. Sikujua kwamba maumivu yamepungua kwa sababu sipumui. Nilikuwa nanyonya hewa ya juu juu kama mtu aliyezama mtoni.

Siku zikapita, shamba halijaguswa. Ponsiana akaanza kunitazama vibaya.

"Baba Yusta, majirani wamebakiza robo. Sisi tunangoja nini?"

"Kesho."

"Kesho yako naijua. Nguvu za kubeba wanaume unazo, za jembe huna? Au nimwite Afande aje apige filimbi shambani?"

Yusta akacheka. Na mimi nikacheka, na kucheka kukanichoma mpaka nikatoka nje kujishika ukutani. Mke wangu akaona nimesusa.

Asubuhi ya pili yake alichukua jembe akaenda mwenyewe. Nilimwona akipita mlangoni. Nilikuwa na nafasi ya kusema... Mdomo wangu ulifanya nini? Ulisema, "Usichoke sana."

Katika daftari nimehesabu matuta yake, kwa sababu jioni alikuwa anayataja kwa hasira. Yalifika arobaini na moja.

Jumatatu ya Pasaka ikafika. Watu walijaa uwanjani, wengine juu ya mikokoteni. Niliitwa kupambana na bwana mmoja wa Kirando, mvuta nyavu, mikono kama kamba za boti. Tulipokamatana tu, hakutafuta shingo wala mguu. Mkono wake ulikwenda moja kwa moja upande wangu wa kulia, ukaigusa tyubu. Akaninong'oneza, "Pole, kaka. Ni huku, eh?"

Halafu akabana.

Sikupiga kelele, sikuwa na hewa ya kupigia. Nilianguka nimekaa, kama mtoto. Watu walicheka kwanza, wakidhani nimekata tamaa. Nilipotapika ndipo wakanyamaza.

Nikiwa chini nilikuwa na wazo moja tu: Gaudensi ameniuza! Nani mwingine alijua upande gani?

Siku tatu nilijifanya mzima. Ya nne nilikuwa naungua homa na kukohoa uchafu wa rangi ya kutu. Nikalazwa. Nimonia. Muuguzi alipokata ile tyubu kwa mkasi alitikisa kichwa. Akaniambia mapafu yasiyotanuka yanatuama kama dimbwi. Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Mke wangu alikuwa anachimba asubuhi, mchana analeta uji hospitali, jioni anamrudia Yusta. Wakati huo mvua zilikuwa zinakatika na yeye anakimbizana nazo. Siku ya sita hakuja. Ya saba hakuja. Nikanung'unika kitandani, nikasema moyoni amenichoka.

Siku ya nane alikuja mama yangu. Alisimama miguuni mwa kitanda, hakukaa.

"Mwenzio yuko wodi ya akina mama," akasema. "Tangu juzi. Mtoto hayupo tena, mwanangu. Alikuwa wa kiume."

Wodi ile ilikuwa ng'ambo ya ua, mtu mzima anafika kwa hatua hamsini. Sikuweza kuzitembea! Nilijaribu, nikaishia kwenye nguzo ya pili. Nikataka kulia, na kulia kwa mtu aliyevunjika mbavu ni adhabu nyingine. Kila kwikwi ni kisu. Nilikumbatia mto, nikalia taratibu, kwa vipimo.

Lazima niandike na hili, ili niwe wa haki. Muuguzi alimwambia mama kwamba mimba hutoka hata kwa mwanamke aliyekaa kivulini, hakuna anayeweza kuapa kuwa ni jembe. Nimeyaandika maneno hayo neno kwa neno. Huwa nayasoma. Hayajawahi kunisaidia.

Baada ya hapo kaka zake Ponsiana walikuja, wakamalizia matuta yaliyobaki kwa asubuhi moja. Asubuhi moja tu, ndugu zangu!

Kupona kwangu kulichukua muda mrefu. Miezi miwili nililala nimeegemea magunia, maana kulala chali sikuweza. Safari hii nilifuata yote niliyoambiwa: pumzi ndefu mara kumi, mto wakati wa kukohoa, kutembea kidogo kidogo mpaka kisimani na kurudi. Gaudensi alikuja mara mbili kuniona, nikajigeuzia ukutani. Mwaka mzima sikumsalimia. Ponsiana alijua namchukia kwa sababu ya mieleka. Zaidi ya hapo hakujua, kwa sababu ule uongo wa kwanza bado ulikuwa mzima. Yeye aliamini mbavu zilivunjika siku ya Pasaka.

Leo baada ya Misa, Gaudensi alikuja nyumbani. Alikuwa ametoka kupeleka abiria Kirando, ameleta migebuka mikavu, samaki wa huko ziwani, imefungwa kwa karatasi. Ponsiana akamkaribisha, akampa kigoda. Mimi nikabaki nimesimama.

"Shemeji," akamwambia mke wangu, "nimekuja kusema na huyu mbele yako, maana peke yetu hataki."

Akanigeukia. "Ni kweli nilimwambia yule wa Kirando. Nilimwendea kabla hamjaanza, nikamwomba, huyu ndugu yangu ana ufa upande wa kulia, usimguse huko, mwangushe kwa miguu yaishe. Nilimwomba akuhurumie! Wewe ulikataa kujitoa, mimi nimeapa nisiseme, ningefanya nini?"

Je, ni kweli? Sijui. Anaweza kuwa ameyatunga kwa mwaka mzima. Lakini uso wake ulikuwa wa mtu aliyekosa usingizi, na mimi uso huo naujua, nauona kwenye kioo.

Ponsiana hakumtazama Gaudensi. Alinitazama mimi.

"Kabla hamjaanza?" akauliza. "Ufa ulikuwepo kabla?"

Gaudensi akashtuka. "Shemeji, si tangu Kwaresima? Si daktari alimkataza jembe wiki sita? Mimi nilikuwepo..." Akaelewa.

Mke wangu aliyasikiliza maji yakichemka jikoni. Kisha akasema, polepole, kama mtu anayesoma barua, "Ningepika pombe. Ningewaita kaka zangu."

Ndugu zangu, mwaka mzima nilimtafuta aliyeniuza. Wa Kirando alinibana ubavu. Gaudensi, tumwamini au tusimwamini, alitoa siri ambayo nilimbebesha kwa nguvu. Lakini aliyemnyima Ponsiana watu wa kumchimbia ni mimi peke yangu, kwa sentensi moja ya uongo nikiwa nimesimama mlangoni.

Vijana wenzangu mnaocheza mieleka, nawasihi! Ukiumia ubavu, usiufunge, usiubane, pumua hata kama unatoa machozi. Usirudi ulingoni kwa sababu maumivu yametulia, subiri siku ulizopewa zote. Lakini hayo mganga atawaambia. Mimi nawaambia ambalo hakuniambia: kabla hujamweleza rafiki, mweleze wa nyumbani kwako. Maumivu unayomficha hayapotei, yeye atayabeba bila kujua anabeba nini. Usipite njia niliyopita. Mimi nimefika mwisho wake, hakuna kitu huko.

Sijui kama amenisamehe. Sikuthubutu kuuliza. Gaudensi alipotaka kuondoka, Ponsiana alimwambia akae, ale. Mimi akaniwekea mwiko mkononi, akasema, "Songa wewe."

Unga ulikuwa wa ulezi mpya, wa msimu huu, ulioota kwenye yale matuta arobaini na moja. Kusonga ugali wa ulezi kunataka mbavu. Nilisonga mpaka ubavu ukawaka, sikupumzika, wala yeye hakusema basi.

Tumekula ugali wa ulezi na migebuka ya Kirando. Yusta aliomba kuongezewa.