Kiu ya Pampu Kuukuu

Pampu ilikuwa imeshinda juani tangu asubuhi, juu ya kipande cha bati pembeni mwa gereji ya Raphaeli pale Mpemba, nje ya Tunduma, na bado ilikuwa inatoa maji. Tone moja, kimya, tone jingine. Raphaeli aliishika, akaipindua, akachungulia ndani. Kukavu. Alipoirudisha kwenye bati, tone likaanguka tena.

Hakuwa na muda wa kushangaa. Gari lililotolewa pampu hiyo lilikuwa limeshamtia hasira za kutosha. Lilikuwa gari la spoti la zamani, jekundu, la milango miwili, ambalo Ipyana, mkulima wa kahawa kutoka Mbozi, alilinunua kwa Mzambia mmoja aliyekuwa na haraka ya kuliondoa uani kwake. Lilikuwa linachemsha, tena linamisi, injini inakatakata. Dawa yake ilijulikana: pampu ya maji mpya, na distribyuta mpya ya kugawa umeme kwenye plagi. Lakini vipuri vya gari la umri ule havikuwepo Tunduma nzima. Kila duka walimuuliza mwaka wa gari, kisha wakacheka.

Mwishowe alivuka mpaka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, amebeba vile vya zamani kama sampuli. Muuzaji aliipokea pampu, akaiweka mezani upesi.

"Awe, mukwai," alisema, yaani hapana bwana, akijifuta kiganja kwenye suruali. "Mbona ya baridi hivi?"

"Ni chuma tu. Unayo kama hii au huna?"

Alikuwa nayo, na distribyuta pia. Raphaeli alirudi, akafunga vyote, akapanga taimingi ya cheche za plagi, akawasha. Injini ikakohoa, ikazima. Alipofungua kifuniko cha distribyuta mpya alikikuta kimejaa maji. Akakikausha. Akageukia rejeta aliyoijaza maji muda si mrefu. Ilikuwa tupu, na chini ya gari hapakuwa na hata unyevu. Akajaza. Ikakauka. Akajaza tena. Jioni ilipoingia alirusha spana ukutani, akavitia vipuri vya zamani kwenye mfuko wa salfeti ili wakusanya vyuma chakavu wasivibebe, akaenda navyo nyumbani, akausukuma mfuko chini ya meza ya jikoni.

Asubuhi mkewe, Erica, alisimama mlangoni na mtoto wao mchanga, Faith, mgongoni.

"Baba Faith, umemwaga maji ya ndoo?"

"Nimwage ya nini?"

"Nilijaza zote jana. Njoo uone."

Ndoo zilikuwa tupu, zimekauka mpaka vumbi limekaa chini. Raphaeli alisema labda zimetoboka. Zote? Erica aliuliza. Raphaeli alikuwa tayari anawaza taimingi ya lile gari, na akaondoka amenuna, akashinda siku nzima anafungua na kufunga yale yale, na gari likamgomea vile vile.

Aliporudi, jua bado lipo, Erica alikuwa amekaa nje kwenye ngazi. Midomo yake ilikuwa imepasuka. Faith alikuwa analia bila sauti, kinywa wazi, ulimi mkavu.

"Maziwa yamekatika," Erica alinong'ona. "Matiti yote mawili. Na humo jikoni kuna kitu kinameza."

"Kinameza nini?"

"Nenda ukasikilize. Mimi sirudi humo."

Alienda. Kwanza ilimjia harufu, ya kutu mbichi iliyochanganyika na marashi matamu kama ya mtu aliyepita sasa hivi. Kisha akasikia: gudu, kimya, gudu, kama koo la mtu anayekunywa taratibu na hana mpango wa kuacha, na alipoinama chini ya meza akauona ule mfuko unatuna na kusinyaa, unatuna na kusinyaa, akaufungua huku akijiambia ni panya, akakuta ekseli ya pampu inazunguka yenyewe bila mkanda wala injini, na alipoishika ili aizuie akahisi jasho la kiganja chake linavutwa kuingia kwenye chuma, kisha mate, kisha machozi, mpaka macho yakamkwaruza alipojaribu kuyafumba.

Aliutupa mfuko uani. Walimpeleka Faith zahanati akapata maji ya dripu, na kabla ya giza Raphaeli alikuwa Chapwa kwa Bibi Loisi, mwanamke wa Ileje aliyejulikana kwa kutoa mapepo. Alimkuta anachambua maharage. Bibi alisikiliza mpaka mwisho bila kuinua kichwa.

"Kuna mtu alilifunga jini kwenye hivyo vyuma viwili," alisema. "Linywe maji ya injini, liote moto wake. Wewe umelitoa kwake, ukalipeleka kwako."

"Basi nivitupe mtoni, Bibi."

"Ukilikosesha nyumba litabaki kwako. Virudishe vilipokuwa."

"Pampu ile imekufa. Distribyuta nayo imekufa. Nimehangaika kupata hivi vipya."

"Na mtoto je, hahangaiki?"

Kesho yake asubuhi Bibi Loisi alikuja Mpemba. Alitembea nyuma ya Raphaeli aliyebeba ule mfuko, akimwaga maji kidogo kidogo kutoka uani mpaka gereji, akiongea Kindali, lugha ya kwao, kwa sauti ya mtu anayemfukuza mbuzi shambani. Raphaeli akafungua kazi yake nzuri yote na kufunga uchafu ule wa zamani. Kila bolti ilimuuma. Alipokaza ya mwisho, injini iliwaka yenyewe, funguo ziko mfukoni mwake, ikanguruma laini bila misi. Ndani ya rejeta kitu kikacheua.

Mchana huo Faith alinyonya.

Ipyana alipokuja, Raphaeli alimweleza kila kitu, akamwomba aliache gari pale pale. Ipyana alikuwa anasikiliza injini, anatabasamu.

"Fundi, umelitengeneza vizuri. Sasa unanitisha ili iweje?"

"Basi niahidi. Vyuma hivyo viwili asiviguse fundi yeyote."

"Nakuahidi, kaka."

Msimu wa kuchuma kahawa ulipofika, Ipyana alipiga simu. Alikuwa mchangamfu.

"Usikasirike, fundi. Kuna jamaa Vwawa kaniwekea pampu mpya. Ile ilikuwa inavuja, inanitia aibu mbele za watu."

Raphaeli alikaa chini. "Ya zamani iko wapi?"

"Iko hapa nyumbani. Mama anazuilia nayo mlango, upepo usiufunge."

"Ipyana, nisikilize."

Lakini nyuma ya Ipyana sauti ya mwanamke mzee ilikuwa inaomba maji. Ikaomba tena, kavu zaidi. Na karibu kabisa na simu, karibu kuliko Ipyana mwenyewe, kitu kikameza.