Beti za Nguruwe

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Dympna alichemsha viazi vidogo, akaviponda na maganda yake, akavichanganya na maziwa yaliyobaki baada ya siagi kutolewa, kisha akampelekea nguruwe. Alimlea tangu Machi, alipokuwa bado anaenea kapuni. Sasa ilikuwa Novemba, mwezi wa kuchinja, na katika wilaya yao ya Mayo nyumba isiyotia nyama chumvi Novemba hula viazi vitupu hadi Pasaka.

Siku moja kabla ya kuchinja, baba alimwonya asimpe nguruwe chochote ila maji, maana tumbo lililojaa hupasuka upesi, na uchafu wake huharibu nyama. Dympna aliitikia. Lakini jioni mnyama alilia kwa njaa, akiusukuma mlango wa banda kwa pua, na mtoto akashindwa kuvumilia. Alimwaga ndoo nzima kwenye hori, akasimama pale mpaka chakula kikaisha.

Kesho yake, Jumamosi, akaja Mzee Costigan, mchinjaji aliyezunguka nyumba kwa nyumba na visu vyake vimeviringishwa kwenye gunia. Dympna alishika beseni, akaikoroga damu isigande, kama mama alivyomfundisha. Mambo yalikwenda vizuri mpaka mzoga ulipotundikwa kwenye ngazi. Mzee alipofungua tumbo, matumbo yaliyovimba yalipasuka, na uchafu ukatiririka juu ya nyama. Walimwagia maji, wakasugua, wakamwagia tena. Mwishowe nusu ya nguruwe ilifukiwa nyuma ya banda.

“Huyu amekula,” alisema mzee.

Baba akamgeukia Dympna. Dympna akasema ni maji tu.

“Mwanangu hasemi uongo,” baba alisema, na majirani waliokuja kusaidia wanasikia. “Sema mkono wako umezeeka.”

Mzee Costigan alifuta visu, akavifunga, akaondoka bila kuchukua fungu lake la nyama.

Wiki iliyofuata Mwalimu Feeney aliwaambia wanafunzi kwamba washairi wa siku hizi hawaimbi mwezi na waridi tu, hata nguruwe wanamwandika. Kila mmoja aandike juu ya mnyama wa kwao. Dympna aliandika beti tatu, na wa mwisho ulikuwa hivi:

*Nguruwe wangu alilala njaa,*
*mkono wa mzee ukatetemeka,*
*na chakula chetu cha majira ya baridi*
*kikafukiwa nyuma ya banda.*

Mwalimu alilisifu shairi, akalibandika ukutani. Kufika Ijumaa watoto walikuwa wakimwimbia ubeti huo Assumpta, mjukuu wa mzee. Mmoja akamwambia, “Babu yako asikunyoe, wewe. Utarudi bila masikio.” Nyumba mbili zikamwita mchinjaji wa parokia nyingine.

Assumpta hakulia. Jumapili alimfuata Dympna kisimani, akamwambia, “Babu ameweka visu darini. Hasemi na mtu, hata mimi.”

Jioni ile Dympna hakugusa chakula. Alimweleza baba yote. Baba hakumpiga. Alichukua koti, wakatembea kwenye mvua hadi kwa Costigan, na pale mlangoni akavua kofia.

“Mzee, nilikutukana mbele ya watu kwa kosa la nyumba yangu. Nisamehe.”

Mzee alimtazama mtoto, akamuuliza kwa nini alidanganya.

“Niliogopa,” alisema Dympna. “Halafu shairi likawa zuri.”

“Ulimhurumia nguruwe,” mzee alisema, “ukamchinja mtu. Shairi lilianzia shuleni. Kalimalizie huko.”

Jumatatu Dympna alibandua karatasi ukutani, akasimama mbele ya darasa, akasoma ubeti mpya wenye ndoo ndani yake na jina lake mwenyewe. Hakuna aliyepiga makofi. Assumpta alitazama dirishani. Jumapili iliyofuata, baada ya misa, baba alisema ukweli mbele ya watu wote, na kabla ya Krismasi Mzee Costigan alikuwa ameitwa katika nyumba tano.

Kwa kina Dympna nyama iliisha Januari. Mdogo wake alipolilia kipande, mama alimwambia Dympna amweleze mwenyewe. Akamweleza, bila kuruka kitu.

“Ile ndoo ilikuwa huruma ya mtoto,” mama alisema, akimwekea kila mmoja kiazi chake. “Ungeisema papo hapo, tungekusamehe siku ileile, na hasara ingekuwa nyama tu. Ulichelewa siku nane, na siku nane zilitosha kumvunjia mzee jina lake. Ukikosea, mwanangu, sema mapema. Haya, kuleni kabla havijapoa.”