Udongo wa Tuta la Tatu

Tuta la tatu la mawaridi halikuwa na mawaridi.

Thelma Askwith alisimama kwenye njia ya changarawe ya Jumba la Cawderby akahesabu upya kuanzia ukutani: la kwanza, la pili, shimo. Kibao kidogo kilieleza kwamba msanii aliyealikwa mwaka huu ameuchukua udongo wa hapo kufinyangia mitungi arobaini, na mitungi yenyewe iko katika nyumba ya vioo, mwisho wa bustani.

"Mama, mbona umeganda hivyo?" aliuliza binti yake, Bryony. "Watakubandika kibao na wewe, watu waanze kukupiga picha."

"Si kitu. Wamechimba tu."

Leo Thelma alikuwa amemleta ili amwambie alichofanya hapo. Miaka miwili iliyopita, Jumanne tarehe kumi na nne Aprili, saa nne na dakika ishirini asubuhi, Thelma alipita hapo peke yake na majivu ya mumewe, Leonard, katika mifuko miwili ya koti. Aliyadondosha kidogo kidogo kwenye tuta hilo huku akijifanya anasoma majina ya maua ya matuta ya jirani. Hakuomba ruhusa, wangemkatalia, na angeona haya. Bryony alidhani majivu ya baba yake bado yako kabatini.

Tangu mazishi Thelma hakuwa amelia. Alikula, alilala, alijibu barua. Ndugu waliposahau tarehe ya ndoa au jina la shangazi aliyefia Kanada, walimpigia simu yeye, naye alijibu bila kusita. Mengine yote ndani yake yalikuwa kama mguu uliokaliwa mpaka ukafa ganzi.

"Kalete chai," alimwambia binti yake. "Nikutane nawe kule kwenye vioo. Kuna jambo nataka kukuambia."

"Si umeshaanza kunitisha. Unaumwa?"

"Siumwi. Nenda."

Ndani ya nyumba ya vioo kulikuwa na joto na harufu ya jivu lililomwagiwa maji. Mitungi ya kijivu ilipangwa sakafuni, midomo juu. Mzee mmoja wa kujitolea, Bwana Pratley, alikaa mlangoni kulinda, pamba masikioni.

"Bibie, tazama upesi utoke," alisema. "Usikae kwenye benchi."

"Kwa nini?"

Alichomoa pamba ya sikio moja. Alisema kwa sauti ya chini, kama mtu aliye karibu na mgonjwa.

"Tuta lile lilikuwa halioti kitu. Watunza bustani wa zamani walijua kuna kitu chini yake, wakakiacha na njaa yake. Mwaka juzi likachanua ghafla. Kuna mtu amekionjesha mtu."

Thelma alitia mikono mifukoni mwa koti lake.

"Kikishaonja mtu, kinawataka na wanaomkumbuka, hata na yeyote anayekaa karibu nacho. Kinakusimulia jambo lako, na likishatoka kinywani mwake halirudi tena kwako. Mimi, bibie, kuna mama mmoja mkarimu ananipikia kila siku, ananifulia, analia jikoni. Wananiambia ni mke wangu. Miaka arobaini na moja, eti." Alicheka kidogo. "Anapika vizuri, lakini."

"Na bado unakuja kukaa humu?"

"Nikimtaka yule wa zamani, nitamsikia wapi pengine?" Akairudisha pamba, lakini si mpaka ndani.

Thelma aligeuka aondoke. Mtungi wa karibu ukakohoa, kikohozi cha Leonard, kile cha mara mbili na nusu.

"Thelma," ukasema. "Stesheni ya Malton. Ulivaa koti la kijani, kifungo kimoja cheusi kwa sababu cha kijani kilipotea."

Alikaa kwenye benchi. Alitabasamu, kisha akalitafuta lile koti akilini asilione, na pale lilipokuwa pamebaki pengo laini ambalo halikuuma.

"Inuka, bibie," alisema Pratley.

"Kidogo tu."

Mtungi wa pili ukaeleza harusi, wa tatu mvua ya Whitby, wa nne jinsi Leonard alivyomenya chungwa bila ganda kukatika, na kila sauti ilipomaliza kitu kimoja kizito kiliondoka kifuani mwake, taratibu, kama mizigo inayoshushwa na watu wasio na haraka, hata akaona afueni ambayo hakuwa ameipata kwa miaka miwili, na hakujua tena ni afueni ya nini, wala ni nani aliyekuwa akikohoa.

Kisha mitungi yote arobaini ikavuta pumzi pamoja.

"Jumapili, theluji imefunga barabara," ikaanza, "na mkunga amekuja kwa miguu, na mtoto ni msichana..."

"Huyo hapana!" Thelma alinong'ona. Aliziba mdomo wa mtungi kwa kiganja, akahisi midomo yenye unyevu ikitembea chini ya kiganja chake, akaziba masikio kwa mikono miwili, lakini maneno yalikuwa yameshaingia kupitia ngozi na sasa yalipanda mkononi yakihesabu jino la kwanza, homa ya usiku ule, viatu vyekundu, siku ya kwanza ya shule, na jina lenyewe, ambalo alilishika mdomoni, akalirudia na kulirudia kwa meno yaliyokazwa, Bryony, Bryony, Bryo, mpaka likawa mlio tu, na mlio ukaisha.

Pratley alikuwa amefumba macho.

Mlango ulifunguliwa. Mwanamke wa umri wa kati aliingia na vikombe viwili vya chai.

"Skonzi zimeisha," alisema. "Haya, niambie. Nimejikaza njia nzima."

Thelma alimtazama, akasogea kwa adabu upande mmoja wa benchi.

"Karibu ukae, dada," alisema. "Unamsubiri mtu?"